Daktari wa mbwa anayekuja nyumbani, Kampala: tulichopata kwa pesa yetu

Kama unatafuta wa kumponya mbwa mwenye saratani, usiwaite hawa madaktari wa kumtunza mbwa siku zake za mwisho, na wao wenyewe watakuambia hivyo kabla hujatoa shilingi. Kwa hilo tu niliwaamini.

Bosi, mbwa wetu hapa Kansanga, alivimba tezi chini ya taya, kisha nyuma ya magoti ya miguu ya nyuma. Hazikumuuma; posho na mukene (dagaa) alikuwa anamaliza. Dokta alivuta chembe kwa sindano nyembamba, akapeleka maabara: saratani ya tezi za limfu. Akatueleza kinagaubaga. Mchanganyiko wa dawa kali za saratani huwapa mbwa wengi kama mwaka mmoja, ila ni gharama ya miezi mingi. Prednisoloni, dawa ya steroidi, peke yake, mwezi au miwili hivi. Tukachukua vidonge.

Pesa yangu ilienda hasa kwenye mafunzo. Prednisoloni ingemfanya anywe maji sana na kukojoa ovyo, tusimnyime maji. Tusiikatishe ghafla. Tusimpe dawa zetu za maumivu za nyumbani, ibuprofeni wala diklofenaki, maana zikikutana na prednisoloni zinaweza kumtoboa tumbo. Tumhesabie pumzi akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, tupige simu. Na kila jioni tuandike kwenye kalenda: leo ilikuwa nzuri au mbaya? Mama, aliyekuwa akiguna kwamba mbwa anafuatwa na daktari hadi mlangoni ilhali yeye anapanga foleni ya presha, ndiye aliyeishika ile kalamu na hakumpa mtu. Siku mbaya zilipozipita nzuri hakuna aliyebishana. Yeye ndiye aliyesema, "Mpigieni dokta."

Kumlaza usingizi wa mwisho walifanyia barazani, Bosi akiwa kwenye gunia lake. Sindano ya kwanza ilimlaza usingizi mzito, ya pili ilikuwa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno, moyo ukasimama. Dokta hakutuharakisha. Alisisitiza shimo liwe refu, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na inaweza kuua mbwa wa jirani au wale kaloli, ndege wakubwa wa majalalani, wakifukua. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo.

Kasoro zipo. "Niko njiani" yao usiiamini, hasa jioni foleni ya magari ikishakaza. Usiku simu haipokelewi, na mbwa anayehema saa nane za usiku hangoji asubuhi; waseme wazi kwamba hawafanyi kazi usiku ili mtu ajipange. Nauli ya boda nayo ilibadilika kila alipokuja, mara nyingine bila sababu yoyote niliyoielewa.

Nyota nne. Ukiwaita, uliza jumla yote, nauli ikiwemo, kabla hajapanda boda, na uombe wakutumie kwa ujumbe.