Beryl AX na Raspberry Pi 4 ndani ya RV: tathmini ya mkalimani anayeishi barabarani

Kazi yangu ni ukalimani wa simu na video. Hospitalini Phoenix au Tucson kuna mgonjwa kutoka Kivu, Kiingereza hakijui, daktari anabonyeza kitufe na simu inaniangukia mimi. Mume wangu naye ni nesi wa mikataba, wiki 13 hapa, wiki 13 kule, na badala ya kupanga nyumba kila mji tuliamua kuhama na yetu: trela la kuishi linalovutwa na pikapu. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, na intaneti yangu hutoka popote inapopatikana. Waswahili wenzetu wa huku Arizona na New Mexico, manesi na madereva wa malori hasa, huniuliza nimefanyaje hata sauti haikatiki. Majibu yangu ni haya.

Vifaa vikuu ni viwili. Cha kwanza ni ruta ya safari ya GL.iNet, modeli GL-MT3000, maarufu kwa jina la Beryl AX. Cha pili ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ninayoitumia kama seva ya nyumbani, yenye memori ya GB 4, inayoendesha Raspberry Pi OS Lite, ambayo ni Debian (aina ya mfumo wa Linux) iliyopunguzwa mpaka ikabaki maandishi matupu bila madirisha. Wapo wanaoifanya Pi yenyewe iwe ruta, na inawezekana kabisa. Mimi nimevitenganisha kwa makusudi. Nikiwa nasasisha seva au nimeizima, simu za kazi lazima ziendelee kupita.

Nianze na ruta, maana ndiyo inayonipa riziki. Inaingia mfukoni mwa koti, na umeme wake ni volti 5 kwa USB-C. Ndani yake ni OpenWrt, ile Linux ya ruta iliyoanza mwaka 2004, ila imevishwa kurasa rahisi ambazo hata mume wangu, asiye na hamu na mambo haya, anaziendesha. Faida yake kubwa ni kwamba ndani ya trela kuna Wi-Fi moja, jina moja, nywila moja. Televisheni, printa, tableti ya mtoto, simu zetu, vyote vinaijua hiyo tu. Nje ndiko kunakobadilika: leo Starlink, intaneti ya setilaiti, kwa waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), kesho simu iliyochomekwa kwa USB, kesho kutwa Wi-Fi ya kambi, ambayo ruta huidaka na kuigawa upya. Tukifika mahali papya nabadilisha chanzo kwenye ukurasa mmoja, basi. Hakuna kuzunguka na nywila kila kifaa.

Unaweza pia kupanga vyanzo kwa kipaumbele, cha kwanza kikifa cha pili kinashika. Lakini jueni hili: simu iliyo hewani inaweza kukatika wakati wa kuhama kutoka chanzo hadi chanzo, kwa sababu anwani ya nje inabadilika katikati ya mazungumzo. Ndiyo maana nikiwa zamu nachagua chanzo kimoja kilicho imara kuliko vingine na kukifunga hapo, hata kama si chenye kasi zaidi. Kuhama kwenyewe nakuachia saa za filamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawaligusi, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni foleni, si uhaba wa kasi. Mtoto anamtumia bibi yake wa Mombasa video ya dakika mbili, pakiti za video, yaani vipande vidogo vya data, zinajaa kwenye njia ya kupandisha, na sauti yangu inakaa nyuma yake ikisubiri. Ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, iliyokuwa milisekunde 50 inaruka hadi mia kadhaa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ndipo mazungumzo yaende sawasawa. Ukivuka hapo watu wanaanza kuingiliana: daktari ameshauliza swali la pili, mgonjwa bado anajibu la kwanza, na mimi katikati. Katika maelekezo ya dawa hilo halikubaliki. "Kidonge kimoja mara mbili kwa siku" kikikatwa neno moja kinakuwa kitu kingine.

Dawa yake ni SQM, yaani usimamizi wa foleni za pakiti, na Beryl inaikubali kwa sababu ni OpenWrt. Unaingia kwenye ukurasa wa ndani wa mipangilio, uitwao LuCI, unaweka kifurushi cha luci-app-sqm, unachagua kanuni ya cake, iliyoingia kwenye Linux rasmi toleo la 4.19 mwaka 2018. Kisha unaiambia kasi ya kushusha na kupandisha iliyo chini kidogo ya ile halisi, asilimia 85 hadi 90. Hapo foleni inahama kutoka kwenye mnara au kwenye dishi, ambako huna amri, inakuja ndani ya ruta yako, na ruta inampa kila mmoja zamu yake. Sauti ni pakiti ndogondogo, kwa hiyo inapita bila kungoja video iishe. Kwa laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, napima jioni kambi ikiwa imejaa, nachukua kipimo cha chini na kupanga kwa hicho. Napoteza kasi ya asubuhi, ndiyo, na wala siijutii. Hakikisheni pia mmezima ile kasi ya ziada ya maunzi (hardware acceleration) kwenye mipangilio ya mtandao, kwa sababu ikiwaka pakiti zinapita kando ya foleni na SQM inabaki jina tu.

Tahadhari mbili kuhusu ruta hii. Anwani yake ya kiwandani ni 192.168.8.1, na mifi (modemu za mfukoni) nyingi za Huawei, ambazo wengi wetu tumekuja nazo kutoka nyumbani, zinatumia hiyohiyo. Mkiziunganisha zinagombana na hakuna kinachopita. Badilisheni ya ruta mapema. Ya kwangu ni 192.168.77.1. Pili, ina tundu moja tu la LAN, lile la kuunganisha vifaa vya ndani kwa waya. Kompyuta yangu ya kazi inataka waya, seva inataka waya, kwa hiyo nimeongeza swichi ndogo ya matundu matano ya volti 5. Kwa ukalimani wa video nasisitiza waya. Wi-Fi ni ya wanaotembeatembea.

Wi-Fi za kambi zina tabia ya kukutaka ukubali masharti kwenye ukurasa fulani kabla ya kukupa mtandao, na ukurasa huo hauji. Sababu huwa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kama umeiambia ruta itumie DNS yako mwenyewe, kwangu ni Pi-hole, kizuia matangazo kilicho kwenye seva, kambi haiwezi kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Rudisha DNS iwe ya kujipangia yenyewe, fungua neverssl.com kwenye simu, ukurasa unajitokeza, kubali, kisha rudisha Pi-hole. Na kama kuta za trela lenu ni za alumini kama letu, wekeni ruta dirishani upande unaotazama antena ya kambi. Ukiiweka kabatini mawimbi hayafiki.

Sasa Pi. Nilichagua 4, sikuchagua 5, na sababu ni umeme. Pi 5 inataka volti 5 kwa ampea 5, kiasi ambacho chaja nyingi za gari hazitoi. Ukiipa ampea 3 inawaka, lakini inabana matundu ya USB mpaka miliampea 600 kwa yote pamoja, na SSD ya nje (diski ya kuhifadhi data) inaweza kukosa nguvu. Pi 4 inaridhika na ampea 3. Ikiwa imetulia inakula takriban wati 3. Jumlisha ruta na SSD, tuseme wati 7 au 8, unapata kama ampea-saa 15 kwa siku kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kuchezea. Laptopu ya zamani inayokula wati 25 ingezimaliza zote 50 kwa siku moja. Majira ya baridi tunapokaa kwenye ardhi ya serikali karibu na Quartzsite, jangwani Arizona, ambako hakuna nguzo ya umeme ya kuchomeka, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama nitafanya kazi au nitalala.

Msiichomeke kwenye soketi ya volti 120. Siku ya kuhama unachomoa waya wa kambi na seva inakufa ghafla, na kupitia inveta unapoteza umeme bure. Ya kwangu imefungwa moja kwa moja kwenye mstari wa volti 12 wa trela, fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, halafu kifaa cha kushusha volti hadi 5.1. Hicho kifaa ndicho kilichonitesa. Cha kwanza nilikinunua kwenye duka la mtandaoni, kimeandikwa ampea 5 kwa herufi kubwa, na seva ikawa inapungua nguvu kila SSD ikianza kuandika. Pi inalalamika volti ikishuka chini ya 4.63, na amri ya vcgencmd get_throttled inakupa ushahidi. Ikijibu 0x0 uko salama. Ikijibu 0x50000, ujue umeme ulishapungua na kasi ikapunguzwa wakati fulani tangu iwashwe, hata kama sasa hivi inaonekana nzima. Niliwapelekea wauzaji picha ya jibu hilo. Waliniambia nibadilishe waya. Nikabadilisha, tatizo likabaki palepale, na pesa hawakurudisha. Nilichokinunua baadaye ni kizito mkononi, kina mapezi ya kutoa joto, waya zake nene, na 0x0 haijabadilika tangu hapo. Ukikishika dukani kikawa chepesi kama kiberiti, kiache.

Joto nalo si la kudharau. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na trela lililofungwa linazidi la nje. Pi inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80. Kasha la alumini, lile ambalo lote ni kipoza joto na halina feni, limetosha kwangu. Feni huvuta vumbi la jangwa.

Kadi ya memori ndiyo inayokufa kwanza kwenye seva za barabarani, hasa umeme ukikatika wakati inaandika. Kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kuna chaguo la mfumo wa kufunika (overlay), ambapo kadi inasomwa tu na maandishi yote yanakwenda kwenye memori ya muda (RAM), umeme ukikatika yanapotea na kadi inabaki nzima. Nimeuwasha, na data yenyewe iko kwenye SSD, kitu kisicho na sahani ya kuzunguka wala kuumizwa na barabara ya changarawe. Nikitaka kusasisha nauzima, nasasisha, nauwasha tena.

Na saa. Pi 4 haina saa ya betri. Ikiwaka pasipo intaneti inaendelea na saa ya zamani, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaanza kukataa. Moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake, ni ya dola chache na mstari mmoja kwenye config.txt. Seva yenyewe nimeiacha kwenye UTC, saa ya kimataifa, na nawashauri hivyo. Sehemu kubwa ya Arizona haisogezi saa, eneo la Wanavajo linasogeza, New Mexico inasogeza. Kutoka Phoenix hadi Nairobi tofauti ni saa 10 mwaka mzima, lakini ukivuka kwenda Albuquerque kiangazi inakuwa 9. Zamu zangu zimepangwa kwa UTC na hazijawahi kuchanganyika.

Inafanya nini basi, ukiacha Pi-hole? Syncthing inapokea picha za simu zetu na kuzipeleka kwa dada yangu Mombasa, kwa hiyo zipo sehemu mbili za dunia. Jellyfin ina katuni za mtoto na taarabu za mama mkwe akitutembelea. Video zigeuzeni kabisa ziwe za muundo wa H.264 kabla ya kuziweka, Pi 4 haina ubavu wa kuzigeuza papo hapo. Kiwix ina Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mtoto anafanya kazi ya shule jangwani pasipo hata ishara moja ya simu. Kuingia kutoka nje natumia WireGuard, njia ya siri ya mtandao (VPN), kupitia seva ndogo ya kukodi, maana Starlink na laini nyingi za simu hukuweka nyuma ya anwani ya pamoja na huwezi kufungua mlango. Mazungumzo ya wagonjwa hayagusi seva hii hata kidogo. Hayarekodiwi, yanapita kwenye ruta na kwenda zake, na nataka yabaki hivyo.

Pi 4 ya GB 4 ilitoka 2019 kwa dola 55, sasa bei imepanda pamoja na bei ya memori. Kwa kazi hizi, ukiondoa Jellyfin, hata GB 2 inatosha. Kama pesa inatosha kifaa kimoja tu na kazi yako ni ya sauti, nunua Beryl, weka SQM siku hiyohiyo, na Pi isubiri mkataba unaofuata. Kama hufanyi kazi mtandaoni na unachotaka ni filamu za watoto njiani, anza na Pi na SSD, na ruta yoyote ya bei nafuu yenye OpenWrt itakufaa.