TurboWin: nimekaa nayo briji (chumba cha kuongozea meli), maoni yangu haya hapa

Wanaofanya kazi melini mnaijua ile repoti ya hali ya hewa, kila ikifika 00, 06, 12 na 18 UTC (saa za kimataifa) lazima itoke, na wewe uko zamu usingizi umekukaba. Zamani mi nilikua najaza kwa peni, nachungulia mawingu, nakisia mawimbi, halafu nakaa kupiga hesabu, makosa kibao. Siku hizi natumia TurboWin, programu ya kujazia repoti hiyo, ya idara ya hewa ya Uholanzi (KNMI), bure kabisa, na meli za mpango wa VOS (meli zinazojitolea kupima hali ya hewa) nyingi tu zinayo.

Ninachoipendea ni kwamba haikubali kila kitu. Juzi nimegeuza namba, themomita yenye kitambaa kibichi nikaiandika joto kuliko ile kavu, kitu ambacho hakiwezekani, ikanigomea hapohapo. Na upepo sasa! Bahari shwari kabisa, meli inakata noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), anemomita, yaani kipima upepo, itakuonyesha noti 15 toka omo (mbele ya meli), upepo ambao haupo, ni sisi tu tunatembea. Ukiipa mwendo na uelekeo wa meli inakutolea upepo halisi, huumizi kichwa. Presha ya hewa pia inaipigia hesabu hadi usawa wa bahari, maana kila mita 8 hivi unazopanda barometa (kipima presha) inapungua kama hektopaskali 1, kipimo cha presha, briji yenu ikiwa mita 24 juu hizo ni 3 zimepotea. Ila wewe ndo uiambie urefu sahihi wa barometa toka majini, meli tupu na meli iliyopakia sio sawa, wengi tunasahau hapo.

Sasa isije mtu akadhani programu itatibu kifaa kibovu. Meli niliyokua nayo mwanzo fundi alifunga themomita karibu na chimni jamani, upepo ukitoka tezi (nyuma ya meli) joto linaruka digrii tatu nzima, na digrii 31 sio namba ya ajabu kwa hiyo hakuna programu ya kushtuka. Maji ya bahari tulikua tunapima kwenye bomba la kuingilia injini, nayo yanasoma joto kidogo kuliko ukichota kwa ndoo. Tulikuja kushtuliwa na afisa wa hewa wa bandarini, alipanda na barometa yake kulinganisha na yetu, hakuchaji hata senti, akaiangalia ile themomita juu akacheka.

Nyota 5. Ya chimni sio kosa lake.