Boti ya kabini ya injini mbili: ipi itakuvusha Zanzibar kwa kasi bila kukuvunja mgongo

Ukienda kutafuta boti, muuzaji atakutajia namba moja kabla hujauliza hata bei: noti 40. Huo ni mwendo wa kilomita 74 kwa saa, na siku bahari imelala pengine boti hiyo inaufikia kweli. Lakini anayevuka mkondo wa Zanzibar mwezi wa Julai hapati bahari iliyolala. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi gati la Malindi, Unguja, ni kama maili 40 za baharini. Boti ya noti 40 ambayo mawimbi ya Kusi yanailazimisha kushuka hadi noti 14 itatumia karibu saa tatu. Boti isiyozidi noti 28, lakini inayoweza kushikilia noti 20 katika maji hayohayo, itafika kwa saa mbili, na abiria watashuka gatini bila kujishika viuno.

Kwa hiyo boti nilizozipanga hapa nimezipima kwa mwendo ambao nahodha anaweza kuushikilia njia nzima, watu wakiwa wamekaa na watoto hawatapiki. Nazungumzia boti za mita 9 hadi 13, zenye kabini ya kulala watu wawili hadi wanne, kwa familia, kwa wageni wa hoteli au kwa uvuvi wa mishipi huko kwenye maji ya kilindi.

Anza na tumbo, injini baadaye

Mwombe mwenye boti aipandishe nchi kavu, kisha simama nyuma yake uangalie tumbo linavyopanda kutoka kwenye mkuku (uti wa chini) kwenda ubavuni. Likipanda kwa nyuzi 12 hadi 15, hilo ni tumbo bapa. Boti ya namna hiyo inaruka juu ya maji (inainuka na kuteleza juu yake) upesi, inakula mafuta kidogo, na ikikutana na wimbi inatua kama mchi kinuni. Likipanda kwa nyuzi 21 hadi 24, hiyo ni V kali: inalipasua wimbi badala ya kulipiga.

V kali tunadaiwa na Mmarekani Ray Hunt. Mwaka 1960 boti aliyoisanifu, Moppie, ikiwa mikononi mwa Richard Bertram, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau kwenye bahari iliyochafuka vibaya, na kutokana nayo ikazaliwa Bertram 31 ya faiba. Tangu hapo karibu kila mjenzi wa boti za bahari kuu amechota kitu humo. Lakini V kali ina madai yake pia. Inataka nguvu zaidi kuisukuma, na ikisimama, mfano mnapotega mishipi au mnapopiga mbizi, inakwenda mrama kuliko tumbo bapa.

Hapa kuna jambo siwezi kulipita. MV Skagit ilijengwa mwaka 1989 kubeba abiria kwenye maji yaliyokingwa ya eneo la Seattle, Marekani. Tarehe 18 Julai 2012, Kusi ikivuma, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, na watu wengi wakapoteza maisha. Boti ndogo iliyotumika Ulaya au Marekani inaweza kuja kwetu kwa hadithi hiyohiyo: ilizaliwa kwa ziwa au mto, imepakwa rangi, imeng'arishwa, inauzwa kama ya bahari. Boti za soko la Ulaya zina kibao chenye herufi. Herufi B maana yake imesanifiwa kwa upepo hadi daraja la 8 la kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 4. C ni upepo hadi daraja la 6 na mawimbi hadi mita 2. D ni ya maji yaliyokingwa. Kwa mkondo wa Zanzibar na wa Pemba tafuta B. Kibao kikiwa kimeng'olewa, uliza kwa nini.

Nafasi ya kwanza: katamarani ya mita 9 hadi 11, injini mbili za nje

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Ngalawa inasimama juu ya matengo yake mawili, na katamarani inatafuta utulivu huohuo kwa kuweka miili miwili iliyoachana. Vivuko vya Kilimanjaro vya Azam Marine vinavyofanya safari ya Dar na Unguja ni katamarani za aluminiamu, na mfano huo unaonekana gatini kila siku.

Katika ukubwa huu, kila mwili ni mwembamba, kwa hiyo unaingia kwenye wimbi taratibu. Hewa inayobanwa kati ya miili inapunguza pigo. Ikisimama haiendi mrama ovyo. Injini zimeachana sana, basi gatini unaweza kuigeuza papo hapo, moja mbele moja nyuma. Na kuna faida ambayo vitabu vya wazungu havina haja ya kuitaja: kwetu bamvua linashusha maji kama mita nne, na boti nyingi hulala mchangani. Katamarani inakaa wima juu ya miili yake miwili; V kali inalala ubavu na kila kilichomo kabatini kinahamia upande mmoja.

Udhaifu wake ni uzito. Ukiijaza kupita kiasi, sakafu kati ya miili inashuka karibu na maji, na kila wimbi linaigonga kwa chini kwa kishindo kinachosikika kifuani. Itazame ikiwa imejaa mafuta, maji na watu: nafasi kati ya sakafu hiyo na maji bado iwe na kimo cha kutosha wimbi la kawaida lipite. Baadhi yake pia hupuliza manyunyu kutoka katikati na kuwarushia walio mbele. Kabini zake ni nyembamba, umbo la mwili wenyewe. Wajenzi wa Afrika Kusini ni wazoefu wa aina hii kwa sababu wavuvi wao hutoka ufukweni kwa kupasua mawimbi. Kwa mita 9 hadi 10, injini mbili za nguvu farasi 150 hadi 200 zinatosha.

Nafasi ya pili: V kali ya mita 10 hadi 12, injini mbili za nje

Ikiwa unataka kabini ya maana, yenye kitanda cha kulala mtu mzima aliyenyooka na choo kinachofungika, hapa ndipo pako. Kwenye wimbi la mbele kwa mwendo wa noti 25, V kali iliyojengwa vizuri inaishinda katamarani nyingi za urefu wake. Boti nyingi za namna hii zinatoka Ghuba. Gulf Craft wa Falme za Kiarabu wanajenga tangu 1982, na bahari yao ya joto na chumvi nyingi inafanana na yetu kwa mateso inayotoa kwa vyuma.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili: kulala ubavu maji yakitoka, na mafuta. Utahitaji injini za 200 hadi 300 kila upande, na kwa nguvu hizo tangi linashuka huku ukiliona. Hakikisha ina vibao vya tezi (nyuma ya boti) vinavyoinua na kushusha omo (mbele yake); bila hivyo, V kali huinamia upande wa upepo na kukaa hivyo njia nzima.

Nafasi ya tatu, au ya kwanza kwa mwenye uwezo: V kali ya dizeli yenye shafti

Kwa raha ya safari, hii ni mfalme. Uzito wa injini mbili za dizeli umekaa chini na katikati, kwa hiyo boti haishtuki. Dizeli haina mvuke wa kulipuka kama petroli, na kwa nguvu ileile inakunywa kidogo zaidi. Wavuvi wa samaki wakubwa wa Watamu na Shimoni wanaijua thamani yake. Lakini shafti (chuma kinachozungusha rafadha), rafadha yenyewe (panga linalosukuma maji) na sukani viko chini ya tumbo muda wote, havinyanyuki. Kama huna maji ya kilindi ya kutia nanga na fundi wa dizeli wa kuaminika, usiisogelee. Ukiwa navyo vyote viwili, iweke juu ya zote.

Ya nne: injini ndani, mguu nje

Injini inakaa ndani, na mguu unaobeba rafadha unatokea nyuma. Volvo Penta waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1959, na boti nyingi zilizotumika za bei ya kuvutia unazoziona mtandaoni ni za aina hii. Kwenye majaribio zinapendeza: tulivu, nyepesi, za kasi. Tatizo ni mpira mkunjo unaozuia maji pale mguu unapotokea tezini. Ukipasuka, bahari inaingia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Nao mguu haunyanyuki ukatoka majini kabisa, basi chumvi inautafuna mchana na usiku. Ni boti ya anayeipandisha kwenye trela baada ya kila safari. Kama ni ya petroli, usiwashe kabla ya kuendesha feni ya ngamani dakika kadhaa.

Ya tano ni tumbo bapa lililofungwa injini mbili kubwa ili lionekane la kasi. Ndani ya hori ya Dar au ndani ya Mida Creek, sawa. Kuvuka mkondo, hapana.

Injini mbili ziwe mbili kweli

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Nungwi kuelekea Pemba na wageni sita, injini mbili za nje, zote nzima. Katikati ya mkondo ya kulia ikakohoa, ikazima. Kabla sijafika tezini, ya kushoto ikafuata. Zote zilinyonya kwenye tangi moja, na tangi lilikuwa na maji. Mkondo ulitubeba kuelekea kaskazini karibu saa mbili, mimi nikimwaga vichujio na kuvuta petroli kutoka dumu la akiba, wageni wakinitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo, boti ya injini mbili na tangi moja naihesabu kuwa ya injini moja.

Kwa hiyo fungua vifuniko uangalie mwenyewe. Kila injini na tangi lake. Kila injini na chujio lake la kutenga maji, la maikroni 10, mahali mkono unapofika boti ikiyumba. Kila injini na betri yake. Rafadha zizunguke kinyume, moja kulia moja kushoto, la sivyo usukani utavuta upande mmoja siku zote.

Mafuta piga hesabu hivi: injini mbili za 150 za stroki nne, kwa mwendo wa noti 22, zinaweza kutumia takriban lita 60 kwa saa zote pamoja. Dar hadi Unguja ni lita 110. Kanuni ya mabaharia ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Hapo unahitaji lita 330, na si matangi yote ya boti za mita 9 yanayofika huko.

Siku ya kuijaribu

Chagua siku ya upepo. Mji wa Zanzibar uko karibu kaskazini kabisa ya Dar, kwa hiyo wakati wa Kusi wimbi linakusukuma tezini ukienda na kukupokea omoni ukirudi. Kaskazi inageuza mambo. Jaribu pande zote mbili. Ukiwa na wimbi nyuma, angalia kama omo inachimba maji na tezi inataka kuipita. Ukiwa na wimbi mbele, kaa kiti cha mbele kabisa dakika kumi, maana huko ndiko pigo lilipo kali, kisha hamia nyuma ulinganishe.

Pakia watu na mafuta kama utakavyosafiri. Sukuma gesi hadi mwisho usome mizunguko: Yamaha F150, kwa mfano, inatakiwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Ikiishia 4,600, rafadha ni kubwa mno au boti ni nzito mno, na injini inaumia kila siku. Halafu zima moja. Boti nyingi za kasi kwa injini moja haziwezi kuruka juu ya maji. Zitatambaa noti 6 hadi 8. Unachotaka kujua ni kama inashika njia bila wewe kupigana na usukani, kwa sababu maili 40 kwa mwendo huo ni saa tano hadi karibu saba.

Yote yakikuridhisha, lipa sehemu tu. Linganisha namba za injini na zilizo kwenye hati, kisha omba ukaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, Kenya Maritime Authority kwa Kenya. Fedha zilizobaki zitoke mkaguzi akishatoka ngamani na kuweka sahihi yake.