Jeraniamu niliyokaribia kuing'oa

Nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza kuhamia nyumba yenye kibustani hapa Reading, Uingereza, nilinunua vyungu sita vyenye kibandiko cha "geranium". Maua mekundu, yaleyale anayopanda shangazi yangu barazani kule Moshi kwenye makopo ya rangi. Nilichotaka ni nyuki. Majira yote ya joto wakayapita kama hawayaoni, na jalidi ya kwanza ya Novemba ikayaacha kama mchicha uliochemshwa. Kumbe ile ni pelargonium, ya asili ya Afrika Kusini. Wataalamu waliitenganisha na jeraniamu halisi tangu 1789. Wauza maua ndio habari bado haijawafikia.

Mwaka uliofuata nikaagiza Rozanne, jeraniamu inayostahimili baridi na kuchipua upya kila mwaka. Ilianzia kwenye bustani ya watu huko Somerset mwaka 1989, ikaingia sokoni 2000. Miche mitatu, karibu pauni 10 kila mmoja. Kufungua boksi, vijani vinne vinne! Mwaka ule ilitambaa tu na kutoa maua ya kuhesabu. Desemba ikatoweka, si jani si shina. Februari nilishika jembe nipande kitu kingine, jirani yangu, bibi mtu mzima, akaniita kutoka upande wa pili wa ua: "Iache mwanangu, imelala hiyo." Aprili ikachomoza.

Tangu hapo sina la kusema. Maua ni ya zambarau inayokaribia bluu, katikati meupe, na kila petali ina michirizi myeusi inayomwelekeza nyuki kwenye mbochi. Yanaanza Juni na hayakomi mpaka jalidi, kwa sababu mmea huu ni tasa: hautoi mbegu, basi unaendelea kuchanua tu. Wateja wake wakubwa ni wale nyuki wanene wenye manyoya, ambao huwa kazini asubuhi ya baridi wakati nyuki wa asali bado wamejifungia. Septemba, lavenda ya jirani ikiwa imeshakauka, kwangu bado kunavuma.

Utasa huo una gharama yake. Hupati mbegu za kumgawia mtu, na shina nililojaribu kuligawa kwa jembe lilinipa vipande viwili vilivyonyong'onyea hadi kufa. Halafu inatanuka. Mche mmoja umeshafika karibu mita moja kwa upana, umepanda juu ya kila kilicho jirani. Julai inapoanza kulegea naikata hadi sentimita kumi hivi kutoka ardhini na kumwagilia vizuri; baada ya wiki tatu inachanua upya. Usikate yote siku moja, maana nyuki nao wanakula. Mimi hukata mmoja, nasubiri urudi, ndipo nahamia wa pili.

Chini ya mti, penye kivuli na udongo mkavu, Rozanne haikupenda. Hapo nimeweka macrorrhizum, jeraniamu ya aina nyingine, ambayo huchanua Mei kabla ya mwenzake na majani yake yananukia ukiyagusa.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei, na kwa ajili ya zaatari yangu iliyomezwa mzimamzima.