Unga wa pareto kwa wadudu wa vitabu, uzoefu wangu hapa Nakuru

Nimeutumia kwa kabati la vitabu vya marehemu baba, alikuwa mwalimu akaacha kamusi, madaftari na magazeti ya zamani kibao, na naupa nyota nne kwa tano.

Wadudu wenyewe ni wale wa kijivu wanaong'aa, wana vijimkia vitatu nyuma, ukifungua kitabu tu wanatimua mbio wanaingia kwa mshono. Hawatoboi karatasi kama fukusi, wanakwangua juu juu wakitafuta wanga na gundi, kamusi moja ya jalada la kitambaa ilikuwa imebaki mabaka meupe na herufi za mgongoni zimelika nusu. Iliniuma sana kuona hivyo.

Unga nilitoa agrovet ya hapa mjini. Pareto ni maua yetu wenyewe, yanalimwa huku Molo, na sumu yake inavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu akiugusa tu. Niliupuliza kwa nyufa za kabati na nyuma ya rafu, kwa kurasa sikuweka kabisa, na kesho yake nikakuta wamelala chali chini ya rafu ya mwisho. Harufu si kali kama ya naftalini. Tena mwanga wa jua unaua nguvu yake haraka, kwa hivyo weka mahali pa giza, na funga pua ukipuliza. Kama mna samaki wa tangi chumba hicho wacha kabisa, pareto ni sumu kali kwa samaki.

Nyota moja nimetoa kwa sababu mayai yaliyo ndani ya mshono hayaguswi. Vile vitabu vilivyoliwa zaidi nilivifunga vizuri kwa mfuko wa plastiki usiopitisha hewa nikavitia friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, halafu ukivitoa usifungue mfuko mpaka virudi joto la nyumba, la sivyo unyevu unashika karatasi na umeharibu zaidi.

Na kabati toeni kwa ukuta jamani. Letu lilikuwa limebanwa kwa ukuta unaolowa kila mvua ya Aprili, na hawa wadudu wanapenda unyevu kuliko kitu kingine chochote, pareto peke yake ungekuwa unanunua kila mwezi.