Kishikwambi cha mkopo wa kampuni ya simu au taslimu Darajani?

Kwenye maduka ya kampuni za simu, kishikwambi hutangazwa kwa bei ya siku: kianzio kidogo, halafu elfu moja na kitu kila siku, na bando juu yake. Kabla ya kuulizia rangi na ukubwa wa kioo, ulizia hili: mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Muuzaji asipokubali kukuandikia jumla hiyo kwenye karatasi, usitie saini.

Tufanye hesabu ya mfano. Kishikwambi kinauzwa 450,000 taslimu. Kwa mkopo, kianzio ni 100,000 na marejesho ni 1,600 kwa siku 365. Marejesho peke yake yanafika 584,000; ukitia kianzio, 684,000. Umezidisha 234,000, zaidi ya nusu ya bei ya taslimu. Utaambiwa ndani yake mna bando la GB 5 kila mwezi. Basi gawa 234,000 kwa miezi 12, upate 19,500, kisha fungua menyu ya bando ya mtandao huohuo uone 19,500 inakupa GB ngapi za siku 30. Ikikupa zaidi ya 5, hilo bando si zawadi, umelinunua kwa bei ya juu. Na GB 5 hazifiki mbali: mtoto wa skuli akitazama masomo ya video kwa ubora wa 480 saa moja kila siku, hutumia kiasi cha nusu GB au zaidi kidogo. Siku ya kumi bando limekwisha. Uliza pia kama sehemu ya GB hizo ni za usiku tu, maana hizo mwanafunzi hazimfai.

Mtandao uchague kwa nyumba yako, si kwa tangazo. Wazanzibari wengi bado wana namba za 0777 tangu enzi za Zantel, ambayo sasa imo ndani ya Yas, na mazoea hayo huwavuta kufunga mkataba palepale. Mji Mkongwe kuta ni za mawe na chokaa, nene, na chumba cha ndani hupoteza mawimbi hata kama barazani yamejaa. Azima laini ya mtandao unaoutaka, itie kwenye simu, ukae nayo kwenye chumba kitakachotumika, saa mbili usiku, wakati watu wengi wamo mtandaoni. Aliyeko Konde au Makunduchi afanye hivyo hivyo. Mkataba wa mwaka kwenye mtandao usioshika nyumbani kwako ni deni tupu.

Loki ziko mbili, na wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtandao: kishikwambi kinakataa laini ya kampuni nyengine. Ya pili ni ya malipo: ukichelewa, kioo kinafungwa na kinabakisha ukurasa wa kulipia tu. Hii ya pili haitoki kwa kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa sababu imefungamanishwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe. Kwa Samsung kazi hiyo hufanywa na mfumo uitwao Knox Guard. Ndiyo maana kishikwambi kilichokwisha kutumika kinachouzwa rahisi kupita kiasi kinatisha: huenda deni la mwenyewe wa kwanza halijesha, na wewe ndiye utakayefungiwa. Kwa mkopo wako mwenyewe, kosa linaloleta loki isiyostahili mara nyingi ni kumbukumbu namba iliyokosewa tarakimu moja. Fedha imetoka, akaunti ya mkopo haijasoma. Hifadhi ujumbe wa kila malipo, na kama kila muamala una makato, lipa kwa wiki badala ya kila siku.

Jengine ambalo halisemwi dukani: baadhi ya vishikwambi havipigi menyu za nyota na reli. iPad haipigi kabisa. Kwa hiyo laini ikiwa kwenye kishikwambi cha aina hiyo, huwezi kupiga *150*00# ya M-Pesa wala kuangalia salio kwa njia uliyoizoea. Utahitaji programu ya mtandao husika, au uwe unaitoa laini na kuitia kwenye simu. Na hapo uliza kwanza, maana baadhi ya mikopo hufunga kifaa laini ikitolewa.

Ukiamua kununua taslimu kwenye maduka ya Darajani au Mlandege mjini Zanzibar, soma namba ya modeli kwenye boksi. Galaxy Tab A9 yenye SM-X110 ni ya Wi-Fi pekee. SM-X115 ndiyo inayoingia laini. Kwa A9+, SM-X210 ni Wi-Fi na SM-X216B ni ya 5G. Sanduku hufanana, bei hutofautiana. Kifaa kisicho na IMEI kwenye mipangilio hakiingii laini, hata muuzaji aseme nini. Chenye IMEI, itume kwenda 15090 uone kama jina la modeli linalorudi ndilo la kifaa ulichokishika. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huzima vifaa bandia. iPad Air ya 2024 yenye mtandao haina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kielektroniki isiyo na kadi, basi hakikisha kampuni yako inaitoa.

Kwa rai yetu, mwenye uwezo wa kudunduliza miezi minne au mitano anunue taslimu, kisha alipie bando la mwezi kwenye mtandao unaoshika kwake. Mwenye mshahara unaopitia benki, na anayejiepusha na riba, aulizie murabaha kwenye PBZ Ikhlas au dirisha jengine la Kiislamu: benki inanunua, inakuuzia kwa bei iliyotajwa mwanzo, na bei hiyo haipandi. Mkopo wa kampuni ya simu tunaupendekeza kwa asiye na njia hizo mbili, na jumla yake isizidi bei ya taslimu kwa zaidi ya robo.

Siku ya rejesho la mwisho usiridhike na "hongera". Subiri ujumbe wa kumaliza deni, zima na uwashe kifaa, tia laini ya mtandao mwengine palepale kaunta, fungua intaneti. Ikifunguka, chukua risiti yako uondoke.