Alabama Hills, California: picha safi, sauti ina kazi

Kwa anayetaka jangwa la kupigia filamu ambalo lori la vifaa linafika bila kukwama, Alabama Hills ni lokesheni ngumu kuishinda. Vilima hivi vya mawe ya mviringo viko kando ya mji wa Lone Pine, chini ya Mlima Whitney (mita 4,421), na watu wa filamu wanavijua tangu miaka ya 1920. Ukiwa Movie Road, barabara inayopita kati ya vilima, geuza kamera kidogo tu: huku mwamba mkavu, kule kilele chenye theluji.

Ratiba iamuliwe na mwanga. Safu ya milima ya Sierra Nevada, yenye Mlima Whitney, iko magharibi, hivyo jua la alfajiri huipiga usoni na mawe yakawa rangi ya chungwa. Jioni ni kinyume: jua huzama nyuma ya milima saa moja hivi kabla ya machweo ya kalenda. Aliyekagua saa sita mchana pekee hajakagua kitu.

Tukiipa lokesheni hii alama, tunazipunguza kwenye sauti. Bonde la Owens, ambamo vilima hivi vimo, limo ndani ya anga ya mazoezi ya ndege za kijeshi, nazo hupita chini na kwa kelele. Kagua siku ya kazi, si Jumapili, na uache kinasa sauti kikirekodi nusu saa pale pale maiki itakapokaa. Mazungumzo marefu yapelekwe kwingine.

Chini ni mchanga wa chengachenga za graniti. Nyayo hazifichiki, kwa hiyo wote wapite nyuma ya kamera na reki iwe karibu. Barabara ya vumbi ina vituta vidogo mfululizo vinavyolegeza skrubu za lenzi na taa. Zikazwe upya mkifika.

Kuhusu kibali, sehemu kubwa ni ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, na ombi hupitia ofisi yao ya Bishop. Lakini vipande vingine ni vya idara ya maji na umeme ya Los Angeles, na hakuna uzio wa kukuonyesha mpaka. Chukua nukta ya GPS ya kila mwamba uulinganishe na ramani ya umiliki kabla mwongozaji hajaupenda. Tangu 2019 eneo linalindwa kwa sheria ya Bunge, basi mpango wa kutoboa mawe au kuchonga njia mpya ufute mapema.

Tao la Mobius, upinde wa asili wa mwamba, usilitumie. Alfajiri, saa ile ile unayoitaka wewe, limezungukwa na tripodi za wageni.